Anwani ya Mkanda wa Tano

Pongwe, 18 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana ukishaanza kusoma husikii la mtu. Mvua za huku zinatisha. Redioni wanaziita El Nino, hapa Pongwe wanaziita balaa, na barabara ya kwenda mjini imeliwa nusu.

Kazi nimeipata, Baba. Si ile ya kuchapa barua ofisini uliyotaka niikubali. Ni ya ufundi, na iko kiwandani kwako. Mwekezaji ameleta kompyuta ya kuendeshea mikanda yote minane inayobeba mawe kwenda kwenye tanuri, na kampuni iliyouza mitambo imeniajiri mimi niifunge. Siku ya kwanza mafundi wa karakana walinizunguka wakisema, "Huyu ni binti Haroub, msimchokoze, atawang'ata." Nikawaambia ni kweli, nang'ata.

Nikueleze kazi yenyewe, ujue ada ulizonilipia hazikwenda bure. Zamani ulikuwa unavuta mkono wa swichi, na mkanda unatembea. Sasa kila mkanda una boksi lake mle chumba cha umeme, na maboksi yote manane yameungwa kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye kompyuta. Kompyuta ikitoa amri, maboksi yote yanaisikia, lakini linalotii ni moja tu, lile lenye namba iliyotajwa. Namba hiyo ndiyo anwani ya boksi. Ndani ya kila boksi kuna swichi nane, ndogo kama punje za mchele. Naziinua na kuzilaza kwa ncha ya bisibisi mpaka zipange namba ninayotaka. Nikikosea punje moja, amri ya mkanda huu inakwenda kwa mwingine.

Namba nazifuata kwenye zile lebo za shaba zilizofungwa kwenye nyaya tangu kiwanda kijengwe. Waya wenye lebo ya kwanza, boksi lake nalipa namba moja. Wa pili, mbili. Hivyo hivyo mpaka nane. Ami Rafaeli, mwenzako wa zamu za zamani, ananisaidia. Amezeeka, ila bado anatembea mle ndani kama mwenye nyumba.

Jambo moja nataka kukuuliza. Nyuma ya mlango wa sanduku kubwa la swichi nimekuta maandishi ya penseli: "2 na 5, R. anajua." Mwandiko ni wako, Baba, siwezi kuukosea. R. anajua nini? Nimemuuliza Ami Rafaeli, kacheka, kasema nikuulize wewe.

Tarehe tano Desemba tunajaribu mikanda. Niombee.

Mwanao,
Salme Haroub

*

Mkwaja, 26 Novemba 1997

Mwanangu Salme,

Marahaba, na mama yako anakusalimu, anataka kujua kama unakula. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimewasomea majirani hata wasiotaka kusikiliza. Binti wa Haroub Shaame anafunga kompyuta kwenye kiwanda kile! Mimi nilitoka Pemba kijana, nikaingia pale kufagia vumbi, nikastaafu fundi mkuu. Wewe umeanzia pale nilipoishia, na mimi nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Kuhusu yale maandishi ya penseli, usijisumbue. Ni mambo ya kupokezana zamu. Wakati ule wa dhiki, vipuri havipatikani hata kwa dawa, tulikuwa tunaandikiana vijineno ukutani ili mwenzako akija ajue mashine ipi ilikohoa usiku. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, itatoka.

Ila msikilize sana Rafaeli. Lolote linalohusu handaki la mikanda, mwulize yeye kwanza. Usiingie wala usimwingize mtu mle bila yeye kuwepo. Nakuomba hilo kama baba.

Hata Bweni, penye kivuko cha Pangani, hakufikiki ila kwa bahati. Barua zangu namkabidhi Shaib wa nazi, anayepita Jumapili na Jumatano lori lake likikubali.

Baba yako,
Haroub Shaame

*

Pongwe, 7 Desemba 1997

Bwana Haroub,

Salamu kwako na nyumba yako. Sisi tu wazima, Kristina anasumbuliwa na miguu lakini Mungu anasaidia. Nakuandikia jambo ambalo hatukulitaja miaka kumi na tatu, na ukimaliza kusoma uitie barua hii jikoni.

Unakumbuka mwaka themanini na nne, ile tume ya kutoka Dar, iliyokuja kuhesabu mikanda inayofanya kazi. Pungufu ya minane, kiwanda kinafungwa na watu mia tatu wanarudi kwao. Na mkanda wa tano ulikuwa umekufa, mota imeungua. Ni wewe uliyeona kwamba wa pili na wa tano imelala sambamba ndani ya handaki moja na inafanana kama pacha. Asubuhi tukawaingiza wageni mlango wa mashariki, wakauona wa pili unatembea. Walipokwenda kula pilau, tukabadilisha vibati vya namba vya mikanda hiyo miwili. Alasiri tukawaingiza mlango wa magharibi, wakauona mkanda ule ule, sasa umeandikwa tano. Kiwanda kikapona.

Nao alasiri ile wakaandika namba ya mota ya huo wa tano kando ya namba ya kibati, wakasema watarudi. Kwa hiyo vibati hatukuvirudisha tena, hata mota nyingine ilipopatikana. Chini mikanda ikabadilishana majina, juu kwenye chumba cha umeme nyaya zikabaki na lebo zao za kwanza. Tangu siku hiyo nikiambiwa zima tano navuta swichi ya mbili, nikiambiwa zima mbili navuta ya tano, na hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Sasa mwanao amepanga zile anwani zake kwa kufuata lebo. Kompyuta ikitaja tano, utakaotii ni ule ulioandikwa mbili. Juzi tulifanya jaribio. Yeye alikuwa juu anawasha mmoja mmoja, mimi niko handakini na redio ya mkononi, kazi yangu kumwambia upi umetembea. Akasema, "Ami, nawasha mbili." Mbele ya macho yangu ukatembea ule ulioandikwa tano. Haroub, nilifungua mdomo nimwambie. Nikajikuta nasema, "Mbili inatembea, mwanangu." Kisha nikatia sahihi kwenye fomu yake.

Usinihukumu haraka. Januari wanatoa orodha ya watu wa kupunguzwa, na meneja mpya katangaza kwamba atakayegundulika kudanganya kwenye jaribio anaondoka siku hiyo hiyo. Na tuliapa, mkono wangu juu ya Biblia na wako juu ya Msahafu, kwamba hatutasema mpaka tunazikwa.

Nina njia. Jumapili, watu wakiwa wachache, nitaingia chumba cha umeme nibadilishe zile nyaya mbili mwenyewe. Robo saa inatosha. Baada ya hapo kompyuta na vibati vitakuwa kitu kimoja na hakuna atakayejua. Wewe nyamaza tu.

Rafaeli Manase

*

Mkwaja, 12 Desemba 1997

Ndugu Rafaeli,

Barua yako imenifanya nishindwe kula. Unamdanganya Salme? Mtoto uliyempakata? Mimi na wewe tulidanganya watu wa tume waliokuja na kalamu, wakala pilau letu wakaondoka. Huyu anaweka namba ambazo watu watalala chini ya mikanda wakiziamini.

Najua na mimi sina usafi. Aliniuliza kuhusu yale maandishi nikamjibu uwongo, nikamwambia afute. Nimeandika uwongo huo kwa mkono huu huu, na nilipomaliza nilijisikia mwerevu.

Siku niliyostaafu walisimama wakasema Haroub ndiye aliyeokoa kiwanda. Salme alikuwa mstari wa mbele, analia. Hilo nalo linanifunga mdomo, sitaki kukuficha.

Zibadilishe hizo nyaya Jumapili hii, tarehe kumi na nne. Ukimaliza niandikie neno moja, "tayari". Nisipolipata neno hilo, yamini au si yamini, nitamwandikia mwenyewe.

Haroub

*

Pongwe, 14 Desemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jaribio limepita! Mikanda minane, hakuna kosa hata moja. Mhandisi wa kampuni kanipa mkono mbele ya watu, akasema kwa miaka kumi hajaona anwani zikipangwa sawasawa mara ya kwanza. Nikamwambia nina damu ya kiwanda hiki. Ami Rafaeli alikuwa pembeni, kainamisha kichwa. Nadhani naye machozi yalimlenga.

Leo Jumapili nimekuja kazini kufunga kufuli kubwa kwenye chumba cha umeme, kwa amri ya meneja. Kuanzia sasa hakuna mtu kuvuta swichi kwa mkono. Ufunguo uko kwa bwana zamu, na anayeutaka lazima aandike sababu. Nimemkuta Ami Rafaeli mlangoni na bisibisi mkononi. Kasema alisahau koti lake ndani. Tumelitafuta, hatukuliona.

Usafi wa kwanza ni Jumamosi tarehe ishirini na saba, baada ya Krismasi. Uweso, yule mrefu wa Kigombe mwenye watoto mapacha, ataingia handakini chini ya mkanda wa tano kutoa mawe yaliyoganda. Namna ya kazi ni hii: kwanza tunasimamisha mikanda yote. Kisha tunaufunga wa tano kwenye kompyuta, usiweze kuwashwa na mtu yeyote. Mingine tunaiwasha tena, hasa wa pili, maana ndio unaolisha tanuri na tanuri likipoa ni hasara ya wiki nzima. Mtu anafanya kazi yake chini ya tano kwa raha zake, jirani yake wa pili unatembea. Zamani mlikuwa mnazima kiwanda kizima kwa jambo kama hili, sivyo?

Maandishi yako nimeyafuta kama ulivyosema. Yametoka vizuri.

Mwanao anayekupenda,
Salme

*

Mkwaja, 23 Desemba 1997

Salme mwanangu,

Soma barua hii umesimama, kisha kimbia.

Namba zako si sahihi. Umezipanga vizuri kwa lebo za nyaya, lakini vibati vya mikanda chini vilihamishwa. Mwaka themanini na nne, mimi na Rafaeli, tulibadilisha kibati cha mkanda wa pili na cha mkanda wa tano ili kuidanganya tume. Ukifunga tano kwenye kompyuta, unafunga ule ulioandikwa mbili. Ukiwasha mbili, unatembea ule ulioandikwa tano. Uweso akiingia chini ya tano na mkiwasha mbili, mmemuua. Siku ya jaribio Rafaeli alikujibu uwongo, na mimi nilijua siku tano baadaye. Yale maandishi uliyofuta ndiyo hayo. Nilikudanganya.

Zuia ule usafi. Ikibidi lala mlangoni.

Sasa nikueleze kwa nini hii inakuja leo, kwa sababu utauliza. Barua yako niliipata Alhamisi tarehe kumi na nane. Nilipoona Uweso, na tarehe, nilijua lazima niseme. Lakini nilikuwa nimeapa juu ya Msahafu, na katika maisha yangu sijawahi kuvunja yamini. Nikasema nitoe kafara kwanza, nilishe maskini kumi, ndipo mkono wangu uwe safi wa kuandika. Mchele haupo Mkwaja, barabara imekatika. Ijumaa nimezunguka nyumba kwa nyumba. Jumamosi nimepata vibaba viwili. Jumapili Shaib wa nazi kapita, nikamwacha aende, nikijua kuna Jumatano. Jumatatu ndiyo mama yako kapika, wamekula watu kumi, nimewahesabu.

Walipokwisha kula nilimweleza shehe. Akaniangalia akasema, "Haroub, ungesema kwanza. Kafara ingekungoja."

Shaib anaondoka kesho alfajiri. Kasema keshokutwa yuko Tanga, Inshallah, kivuko cha Pangani kikiwa kizima. Nimemwapisha mara mbili aifikishe mkononi mwako.

Baba yako,
Haroub

*

Pongwe, 26 Desemba 1997

Bwana Haroub,

Heri ya Noeli. Neno "tayari" sikuliandika kwa kuwa si tayari. Ile Jumapili nilipofika na bisibisi nilimkuta mwanao anafunga kufuli. Nimejaribu mara tatu kuomba ufunguo, bwana zamu Timotheo anataka sababu, na sababu sina ya kuandika.

Kesho ndiyo kesho. Leo nimemwendea Timotheo nikamwomba asiwashe mkanda wa pili mpaka mtu atoke handakini. Nimesema ni vumbi, nimesema ni uzee, nimesema nimeota vibaya. Kanijibu, "Mzee Rafaeli, tanuri halilishwi ndoto." Watu wakacheka na mimi nikacheka.

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa Salme jioni ya leo. Nimesikia anaimba ndani, anapiga pasi. Nimesimama mvuani nikajiambia, nikibisha hodi, kesho Kristina ataamka mke wa mwongo asiye na kazi, na wewe Haroub utakuwa mwongo mbele ya mtoto wako. Nikarudi. Najua ni udhaifu.

Ila Uweso haingii. Hilo nimeliweza. Nimemwambia kazi ile ni yangu, kwamba mawe ya pale yana namna yake ya kutolewa, yeye ashike taa mlangoni. Kafurahi, maana ana mafua. Mimi mkanda ule naujua kuliko ninavyoijua mikono yangu. Kabla haujatembea mota inanguruma kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Nikisikia hivyo nitajibiringisha nje. Nitafanya haraka. Nikitoka salama, Jumatatu nitakwenda kwa meneja nimwambie yote, orodha au si orodha. Nimemwahidi Mungu usiku wa Krismasi, wala sikuapa, nimeahidi tu.

Usinionee huruma wala usinikasirikie. Ilikuwa pilau nzuri siku ile.

Rafaeli

*

Pongwe, 30 Desemba 1997

Baba,

Anayekuletea barua hii ni Uweso. Mwangalie vizuri kabla hujasoma.

Ami Rafaeli amefariki Jumamosi. Nitakueleza mara moja tu.

Saa tatu na nusu tulisimamisha mikanda yote. Tukafunga tano. Kwenye kompyuta ilitokea alama nyekundu ya kufuli, nimekaa mbele yake, naitazama. Timotheo akauliza handakini kama mtu yuko tayari, Ami Rafaeli akajibu kwa redio, "Niko ndani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilijua ni kazi ya Uweso, nikashangaa, sikuuliza. Saa nne kasoro robo Timotheo akawasha mbili.

Uweso alikuja anapanda ngazi mbio, akipiga kelele kwamba tano inatembea. Nikamwambia haiwezekani, tano imefungwa. Nilimwambia mara mbili, Baba. Nilimwonyesha ile alama nyekundu kwa kidole, na Ami Rafaeli yuko chini. Ni Uweso aliyevuta waya wa dharura kwa mikono yake. Tangu nifunge maboksi, mota hazingurumi kabla ya kutembea. Zinaanza kimya. Hilo ningemwambia mimi kama angeniuliza.

Amezikwa jana kanisani kwao. Kristina alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usijilaumu, mashine ni mashine." Nilitamani ardhi inimeze.

Barua yako imefika jana saa kumi jioni, wakati tunatoka makaburini. Shaib alikwama Pangani siku nne, kivuko kimeharibika. Nimeisoma nimesimama, kama ulivyotaka. Sikuwa na pa kukimbilia.

Nakuheshimu na utabaki baba yangu. Lakini nina hasira na wewe ambayo sijui nitaiweka wapi. Jumapili ile Shaib alipita mlangoni kwako na lori, na kivuko kilikuwa kizima. Barua ingefika Jumatatu. Ulikuwa unangoja mchele. Na kabla ya hapo ulinijibu kuhusu yale maandishi kwa utani, na mimi nikachukua kitambaa na mafuta ya taa. Ulinionea fahari kwa majirani na hukuniamini na jambo moja la kweli.

Kiwandani wanasema msichana kakosea swichi. Mkaguzi amechukua maboksi yangu yote na fomu ya jaribio. Barua yako bado sijamwonyesha. Si kwa kukuhifadhi. Nataka kwanza nijue lililo kubwa zaidi. Jumatatu tarehe tano meneja anataka kuwasha mikanda yote, na watu sita wataingia kumalizia usafi. Nimesema haiwezekani. Wameniuliza kwa nini, sina jibu kamili. Mlihamisha vibati viwili tu? Au kuna vingine? Kuna waya uliobadilishwa, mota iliyohamishwa, swichi iliyounganishwa kienyeji wakati vipuri havipo? Ami Rafaeli alikuwa na nusu ya mambo hayo kichwani, na amekwenda nayo. Iliyobaki unayo wewe.

Usiandike. Usipike, usiulize shehe, usimngoje mtu. Njoo na Uweso.

Salme

*

Bweni, ng'ambo ya Pangani, 3 Januari 1998

Mwanangu Salme,

Uweso alifika jana adhuhuri, matope mpaka kiunoni. Nilimwangalia kama ulivyosema. Mama yako alimletea maji, akanywa, akaniambia kwa upole, "Mzee, mimi ndiye niliyekuwa niingie." Tuliondoka saa hiyo hiyo. Tumetembea mchana, tukalala msikitini, tukatembea tena.

Kivuko bado kibovu. Kuna mtumbwi mmoja tu unaothubutu, na mto umejaa magogo. Unachukua mtu mmoja kwa safari, na wagonjwa wanatangulizwa. Zamu yangu ni kesho asubuhi. Uweso amepewa nafasi ya leo kwa kuwa nimewaambia anabeba roho za watu sita, na wameniamini. Kwa hiyo barua inanitangulia, ingawa ulinikataza kuandika.

Ninayoyajua ni haya. Vibati tulivyohamisha mimi na Rafaeli ni viwili, cha pili na cha tano, hakuna kingine. Mota ya mkanda wa tatu tuliihamishia kwenye wa saba mwaka themanini na sita, na waya wake ukaenda nayo, lakini lebo niliirekebisha kwa mkono wangu. Wa nane hauna tatizo. Mpe mkaguzi barua hii na ile yangu ya tarehe ishirini na tatu, na za Rafaeli mbili ambazo nimekufungia humu; ya pili alimkabidhi Uweso mlangoni mwa handaki, anifikishie mimi. Aliniomba nichome ile ya kwanza, sikuichoma, sijui kwa nini. Zina jina lake na zina jina langu. Wewe ulifuata lebo, na lebo ziliwekwa na watu wakweli kabla yetu. Mwambie hivyo. Kwa Kristina usiende kunitetea; nitakwenda mwenyewe, nikitoka kwenye mtumbwi, kabla sijafika kwako.

Sasa sikiliza. Mwaka themanini na saba nilikuwa Pemba miezi minne, namzika mama yangu. Rafaeli alibaki peke yake na mikanda minane na vipuri hakuna. Niliporudi yote ilikuwa inatembea. Sikumuuliza aliiwezaje. Nilikuwa fundi mkuu na sikumuuliza, kwa sababu nilijua jibu lake lingekuwa siri nyingine. Miaka yote nimewaambia watu najua kiwanda kile kama kiganja changu. Salme, sikijui.

Kwa hiyo hata haya niliyokuandikia usiyaamini. Usiamini lebo, wala kibati, wala mzee yeyote atakayekujia kusema yeye ndiye aliyefunga. Zima kiwanda chote, meneja apige kelele atakavyo. Chukua waya mmoja, ushike, utoke nao chumba cha umeme, uteremke nao ngazi, uingie nao handakini, mpaka mkono wako uguse mota. Hapo ndipo urudi juu uweke namba. Kisha chukua wa pili.

Mwenye mtumbwi anamwita Uweso. Nitafika kesho.

Baba yako,
Haroub Shaame